Ukuta wa Bwana Timazi

Jumatatu, 2 Machi 1987

Daktari amesema nisiwapigie kelele walimu wangu, presha itanipanda. Basi kelele zote za mwalimu mkuu kwa muhula huu nitazileta humu daftarini.

Joto. Mbu. Mwalimu Beatrisi kachelewa tena, na kisingizio chake kilikuwa kizuri hata nikasahau kumkaripia. Shule yenyewe inapendeza. Watu wanaiita Shule ya Chokaa tangu enzi za Mwingereza, lakini jina hilo sasa limepitwa na wakati, maana likizo ya Desemba wazazi waliipiga lipu ya saruji kuta zote, nje na ndani. Miaka ile ya shida saruji ilikuwa kwa kibali, na kibali kwa anayejuana na mtu. Siku hizi kila kitu ruksa, na kila nyumba ilileta ndoo yake. Bakar muuza samaki, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, alikuja na mkokoteni mzima huku anaimba.

Msimamizi wa kazi alikuwa baba yangu, Fundi Yakoub. Anakaribia miaka themanini na macho yana ukungu, lakini alikaa kitini uani akielekeza vijana kwa bakora, na ole wao waliochanganya ovyo. Kazi ilipokwisha aliupapasa ukuta akasema, "Leo na siye tumekuwa watu."

Alhamisi, 12 Machi

Darasa la saba wanasoma historia ya mji. Wameniuliza nani aliijenga shule yetu. Nikawapeleka nyumbani kwa baba, kwa sababu aliijenga kwa mikono yake, na kwa sababu anapenda kuulizwa.

"Aliyeichora ni Mskochi," akawaambia. "Jina lake Gilmori. Siye tukimwita Bwana Timazi, kwa kuwa ile timazi, kamba ya kupimia ukuta kama umenyooka, haikumtoka mfukoni. Hata harusini ukimwalika, kwanza ataupima ukuta wako, ndipo ale pilau."

Watoto wakacheka. Akaendelea kuwa huyo bwana ndiye aliyechora nyumba za mameneja wa mkonge na maofisi ya karibu na bandari, tena kwa saruji iliyokuja na meli. Mwaka thelathini na tatu akapewa kazi ya shule ya watoto wa Kiafrika. Akaagiza mawe ya matumbawe na chokaa, basi.

"Nikamwendea. Nikamwambia, Bwana, hapa watasoma wanangu, tupe saruji walao ya kuta za nje. Akasema hapana."

"Alikwambia sababu, babu?" aliuliza Noa, ambaye haachi kuuliza.

"Fundi mweusi alikuwa haambiwi sababu, mjukuu wangu. Saruji ya Wazungu, chokaa yenu. Toka siku ile sikumwitikia salamu. Ananipita barabarani ananambia, 'Hujambo, Fundi?' Miye kimya. Mpaka akafa."

Hadithi hii nimelelewa nayo. Nikiwa mdogo nilikuwa nikiona fahari kuwa na baba aliyemnunia Mzungu. Bado naona.

Ijumaa, 27 Machi

Mvua ya kwanza. Watoto wote nje, walimu wawili pia.

Ijumaa, 3 Aprili

Mvua. Darasa la tatu kuna doa ukutani, chini ya dirisha. Baba anasema saruji mpya hutoa jasho.

Ijumaa, 10 Aprili

Mvua wiki nzima. Doa limepanda hadi usawa wa ubao. Lipu imevimba, ukiigonga inalia kama mtungi mtupu. Nimemwambia baba. "Jasho," akasema, na akataka chai.

Jumatano, 22 Aprili

Nimerudi kutoka hospitali sasa hivi. Nguo zimelowa na sijazibadili, nataka niandike kwanza.

Mapumziko ya saa nne mvua ilikuwa kubwa, tukawaacha watoto wacheze barazani. Precious wa darasa la tatu alikuwa zamu ya kufuta ubao. Nikiwa ofisini nikasikia kishindo. Nilidhani ni gari limegonga geti. Beatrisi akaja mbio, akanivuta mkono. Tukakuta pande la lipu kubwa kuliko mlango limeanguka, na limevuta mawe ya ukuta pamoja nalo. Mtoto amekaa sakafuni, mweupe kwa vumbi, ameushika mkono wake wa kushoto. Hakuwa akilia. Alinitazama akasema, "Mwalimu, sikugusa kitu."

Maneno hayo yamenivunja kuliko mkono wenyewe. Alidhani nitamchapa.

Mkono umevunjika juu ya kiwiko. Wamemfunga plasta. Mama yake, Yudith, wa wale waliokuja zamani kukata mkonge Muheza, alifika na kanga yake imelowa mvua, akamkumbatia mwanawe, kisha akaniuliza kwa adabu kama madarasa mengine ni salama. Nilitaka kusema ndiyo. Nikasema sijui.

Baba nimemkuta mlangoni ananingoja. Habari zilishamfikia. Hakusema jasho.

Jumatatu, 27 Aprili

Halmashauri imemleta mhandisi, kijana wa Kishambaa aitwaye Zebedayo. Amekuja kwa baiskeli kwa kuwa gari la ofisi halina mafuta, suruali ina matope hadi magotini. Nilijiandaa kumchukia, lakini alipomaliza kuzunguka aliomba kwanza kujua hali ya mtoto.

Akanionyesha. Alikwangua mahali palipoanguka, ndani ya ukuta chokaa imekuwa uji.

"Mwalimu, ukuta huu ni wa chokaa na matumbawe. Unakunywa mvua, kisha jua likitoka unaitoa. Miaka hamsini umefanya hivyo. Nyinyi mmeuvika nailoni. Maji yanaingia kwa chini na kwenye nyufa, na pa kutokea hakuna."

"Kwa hiyo saruji mbaya?"

"Saruji nzuri. Hapa ndipo si mahali pake."

Amefunga madarasa yote ya upande wa kusini. Mpaka muhula unakwisha, lipu yote iwe imetoka na kuta zimetengenezwa. La sivyo ataandika kuwa jengo halifai, watoto watagawanywa shule nyingine, nasi tutafunga. Kuna tajiri wa mitumba ameshakuja mara mbili kuutazama uwanja wetu kwa ajili ya ghala. Zebedayo alinieleza hilo huku anaangalia chini, na niliona kuwa haimpendezi.

Baba alikuwepo, kwenye kiti chake. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kijana," akasema, "weye umesoma. Aliyekusomesha nani?"

"Chuo, mzee."

"Na vitabu vya nani? Vya Wazungu. Wametunyima saruji wenyewe walipokuwepo, leo wanatunyima kwa kinywa chako." Akaondoka kwa bakora yake, mvuani, bila mwavuli.

Alhamisi, 30 Aprili

Saumu ya kwanza. Darasa la tatu na la nne wanasoma barazani, mgongo kwa mgongo. Beatrisi anafundisha hesabu kwa kupiga kelele kuishinda mvua. Yeye si Mwislamu, lakini amejificha stoo kunywa maji yake. Nimempenda leo.

Jumanne, 5 Mei

Nimetoka Raskazone, mtaa wa Wazungu wa zamani.

Nilikuwa nimepata wazo. Nyumba aliyojijengea Bwana Timazi mwenyewe bado iko, nyuma ya miti ya mikungu, na maisha yangu yote nimeipita kwa nje. Ilitaifishwa, sasa wapangaji wamejaa, kamba za nguo kila upande. Nilitaka kuiona tu hiyo saruji aliyotunyima, nijue imevumiliaje mvua, nipate la kumjibu Zebedayo.

Chumba cha uani anakaa Bi Mwanamwema, ambaye marehemu mumewe, Shaib, alikuwa mpishi wa huyo bwana.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ni Rahila, mwana wa Fundi, siyo? Baba'ko hajambo? Bado kanuna?"

Nikacheka bila kutaka. Akanikaribisha mkekani na akanihadithia huku anachambua mchele wa futari.

Kumbe Gilmori alikuja kijana, vita vya Mjerumani vimekwisha, ameajiriwa na kampuni ya mkonge. Nyumba za mameneja kutoka hapa hadi Muheza ni mkono wake. Alikuwa na mke, piano na farasi. Kisha mkonge ukaanguka na kampuni ikamtoa kazini. Mke akapanda meli akisema anakwenda kumwona mama yake. Hakurudi. Piano ikauzwa. Bwana akapanga chumba cha kazi karibu na soko, akawa anachora maduka ya Wahindi, maghala, hata vyoo vya soko.

"Vyoo, mwanangu," alisema Bi Mwanamwema. "Mtu aliyechora majumba. Na vyoo hivyo alivisimamia na timazi yake kana kwamba vya sultani."

"Mbona hakurudi kwao?"

"Shaib alimuuliza. Akasema kwao mvua haina msimu na hakuna anayemngoja." Akapepeta ungo. "Shule yenu ndiyo kazi yake ya mwisho kubwa. Alikuwa akenda kuipita kila Ijumaa, hasemi na mtu, kama baba aliyemwoza binti yake mbali. Na kila kabla ya masika anavaa kikoi kikuukuu cha Shaib, anapanda ngazi, anaipaka nyumba hii chokaa kwa mkono wake. Wazungu wenziwe wakimcheka."

Nikauliza tena, nadhani nimesikia vibaya. "Chokaa? Nyumba hii si saruji?"

"Saruji ya nini? Hebu njoo."

Akanipeleka nyuma ya jiko, palipobanduka, karibu na mpapai. Mawe ya matumbawe na chokaa, kama yetu. Nikaingia chumbani kwake nikabandika kiganja ukutani. Mvua inanyesha tangu alfajiri, na mule ndani ukuta ulikuwa mkavu.

Nimerudi kwa miguu nimemkasirikia marehemu. Mtu mzima, una mdomo, na Kiswahili chako cha sokoni kilitosha kumwagiza Shaib pweza. Ulishindwaje kusema, "Yakoub, hata kwangu nimetia chokaa"? Sentensi moja. Watoto wangu wasingekuwa barazani leo.

Jumatano, 6 Mei

Nimemwambia baba. Alifungua saumu kwa tende moja, akasogeza sahani. "Umekwenda kusikiliza maneno ya jikoni," alisema.

Jumanne, 12 Mei

Mvua. Baba kimya. Baba yangu akinuna hununa kwa miaka. Bwana Timazi shahidi.

Yule tajiri wa mitumba kaja tena. Amepima uwanja kwa hatua zake mwenyewe, mbele ya watoto, kisha akawapa peremende. Nilimpigia kelele, nikapandisha presha makusudi.

Jumapili, 17 Mei

Asubuhi baba alitoka chumbani amevaa kanzu nyeupe na kofia. Nikadhani anakwenda mazikoni.

"Nipeleke Raskazone," akasema.

Ni mbali kwa miguu yake, tena na saumu. Tulikwenda polepole chini ya mwavuli mmoja, tukipumzika kila penye baraza. Tulipofika hakuzunguka uani. Alisimama mbele ya mlango mkubwa, ule wa bwana, akautazama kwa macho yake ya ukungu.

"Mlango huu sikupata kuukanyaga," alisema. "Hapa walijenga mafundi wa Mombasa. Miye mwisho wangu getini."

Mpangaji mmoja, mama wa watu, akatufungulia bila kuuliza sana. Baba akavua viatu. Akaingia akaanza kuta za sebule, akizigonga kwa kifundo cha kidole, sikio karibu. Akazipapasa. Pembeni mwa dirisha palipochubuka alikwaruza kwa ukucha, akanusa. Nilisimama nyuma yake na niliona mabega yakishuka.

"Na chumbani kwake?" alimuuliza Bi Mwanamwema, aliyekuwa amekuja na kutegemea mlango.

"Kote, Fundi. Hakuna ndoo ya saruji nyumba hii."

Alikaa kwenye ngazi muda mrefu. Mvua ikapungua. Bi Mwanamwema akakaa ngazi ya chini yake.

"Angeniambia," alisema baba mwishowe.

Njiani kurudi, nilimwambia ninavyoona: kwamba kosa ni la huyo bwana, kuwa na elimu na kuikalia. Alinisimamisha, akaweka mkono begani kwangu.

"Hakunambia kwa kuwa hakunihesabu mtu wa kuambiwa. Hilo ni lake, atalijibu huko aliko. Lakini kijana Zebedayo kanambia, tena kwa adabu, na miye sikumhesabu mtu wa kusikizwa. Hilo langu."

Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema. Nilimpenda baba yangu siku zote kwa kule kununa kwake. Leo nimempenda zaidi.

Jumapili, 24 Mei

Mkutano wa wazazi. Nilijua utakuwa mchungu, na ulikuwa.

Nilipotangaza kuwa lipu yote itabanduliwa, ukumbi uliwaka. Bakar alisimama, jasho linamtoka. "Mwalimu, nakuheshimu. Lakini tulipokosa saruji mlituambia tuvumilie. Tukavumilia. Mke wangu alizikwa, kaburi sikulijengea kwa kukosa saruji. Leo Mungu katupa, tumeitoa sadaka kwa watoto, mnatuambia tuivunje tuitupe jalalani? Turudi kwenye chokaa kama babu zetu?"

Watu wakapiga makofi. Wengine walisema nimenunuliwa na tajiri wa ghala.

Yudith akanyanyuka, Precious kando yake na mkono wa plasta. Alisema kwa sauti ndogo. "Nami nilileta ndoo yangu, Bwana Bakar. Ndoo hiyo ndiyo iliyomwangukia mwanangu."

Ndipo baba akainuka. Nilitaka kumshika, akanikatalia.

"Aliyewaambia mtie saruji ni miye," alisema. "Si Mwalimu, si kamati. Nimejenga ukuta huu nikiwa kijana, na nimeuua nikiwa mzee. Nilikuwa na uchungu. Nikaona chokaa ni matusi tuliyopakwa, na saruji ndiyo itakayoyafuta. Nimekwenda nyumbani kwa aliyetutukana nikakuta naye kajipaka hayo hayo. Kwa hiyo tusi halikuwa ukutani." Akamtafuta Bakar kwa macho. "Bakar mwanangu, nisamehe. Sadaka yako imefika kwa Mungu hata ikiwa jalalani. Kesho pigo la kwanza la tindo ya kubandulia naomba liwe langu."

Bakar akapenya katikati ya watu. Akatoka nje. Nikajua tumeshindwa, maana bila Bakar hakuna mkokoteni na bila mkokoteni hakuna kazi.

Jumatatu, 25 Mei

Alfajiri nimemkuta baba uani na nyundo, na aliyemshikia tindo ni Bakar. Macho yake mekundu. "Fundi haoni vizuri," aliniambia, "atajigonga vidole." Kufika saa tano wazazi walikuwa wamejaa, wengine wamenuna, wote wanabandua.

Ijumaa, 29 Mei

Idi. Mvua imepumzika kwa heshima. Pilau nimempelekea Yudith, na Beatrisi kaniletea biriani ambayo Mungu anisamehe sikuimaliza.

Jumanne, 2 Juni

Chokaa imefika kutoka kwa wachomaji wa Kigombe, ile iliyolowekwa shimoni tangu mwaka jana, laini kama siagi. Zebedayo amevua shati lake la ofisi. Anamuuliza baba, baba anamuuliza yeye, wanabishana kuhusu mchanga. Jua na mvua zinapokezana. Tunafunika kuta kwa makuti mvua ikija, na watoto ndio wapiga mbiu.

Jumatano, 10 Juni

Upande wa kusini umekwisha lipu. Unakauka. Nimekatazwa kuugusa.

Jumatano, 17 Juni

Zebedayo amekagua rasmi, amevaa tai. Ameandika kuwa jengo linafaa na shule haihami. Nilimwambia Beatrisi atangaze. Tajiri wa mitumba nasikia ameshaona uwanja mwingine.

Ijumaa, 19 Juni

Siku ya mwisho ya muhula. Jua safi, mawingu yamekwenda bara.

Darasa la tatu wamerudi chumbani kwao kwa siku hii moja tu, nimesema lazima warudi. Precious amefunguliwa plasta. Mkono umekonda kidogo. Alisimama mlangoni anautazama ukuta, nikaingia kabla yake, nikauegemea kwa mgongo wangu wote, na mimi si mwepesi. Akacheka, akaenda kukaa.

Baba alikuja kabla ya kengele, na kanzu yake ya Raskazone. Jana Bakar na wazazi walipaka mkono wa mwisho wa chokaa, na shule nzima ilikuwa nyeupe tena, nyeupe ya kuumiza macho. Alizunguka nje peke yake, bakora kwapani, kiganja kikiteleza ukutani. Penye kona inayotazama barabara, ile ambayo Bwana Timazi alikuwa akiipita kila Ijumaa, alitoa timazi yake mfukoni akaining'iniza. Haoni tena kamba hiyo. Aliifuata kwa vidole toka juu hadi chini, akaridhika.

Nilikuwa dirishani, hakujua. Aliegemeza kiganja pale, akainamisha kichwa.

"Sijambo, Bwana," alisema. "Sijambo."

Kisha akasikia pumzi zangu, akageuka na ukali wake wote. "Weye Rahila, unasimama hapo kufanya nini? Kapige kengele, watoto wanakungoja."

Nikaenda nikapiga kengele.